Ubao wa Kunakili Wenye Nafasi Nyingi: Kuweka Ni Rahisi, Kazi Ni Kuchomoa

Mtu anayeandika programu amefungua mafaili mawili kwenye skrini. Moja lina mipangilio ya zamani, la pili lina mipya, na kazi yake ni kuhamisha vitu vitatu tu: anwani ya seva, namba ya poti na jina la hifadhidata. Ananakili anwani, anahamia faili la pili, anabandika. Anarudi kunakili namba ya poti, anahamia tena. Anarudi mara ya tatu kwa ajili ya jina. Hana tofauti na mtoto aliyetumwa chumvi dukani, aliporudi akatumwa sukari, na aliporudi tena akatumwa kiberiti, ilhali duka ni lile lile na vyote vingeingia kwenye mfuko mmoja.

Chanzo cha safari hizo ni ubao wa kunakili wenye nafasi moja. Kipya kikiingia, cha zamani kinafutika bila kuaga. Dawa yake si ngeni. Ubao wenye nafasi nyingi umekuwapo kwenye baadhi ya programu za kuandikia msimbo tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, hadi leo kuna vihariri maarufu visivyo nao, na hata pale ulipo, waandishi wengi wa programu hawaugusi.

Kwa nini? Jibu haliko kwenye uhifadhi. Kompyuta ya leo haihisi chochote ikibeba vipande hamsini vya maandishi. Ugumu uko kwingine: kukichomoa kipande unachokitaka bila kukata mawazo ya kazi uliyo nayo, na kujua kipande kipi kisahauliwe na lini. Mipango yote iliyowahi kujaribiwa inapaswa kupimwa kwa vigezo hivyo viwili.

Nafasi moja ilikotoka

Kukata, kunakili na kubandika kama tunavyokujua kulipata sura yake katika maabara ya Xerox PARC huko California. Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza kihariri kilichoitwa Gypsy kati ya mwaka 1974 na 1975, kwa ajili ya wahariri wa kampuni ya vitabu ya Ginn. Watumiaji wao hawakuwa wataalamu wa kompyuta. Tesler alichukia sana programu zinazobadilisha maana ya kitufe kulingana na hali iliyopo, kiasi kwamba namba ya gari lake ilisomeka NOMODES. Kwa mtu mwenye mtazamo huo, nafasi moja ni sawasawa kabisa: ulichonakili mwisho ndicho kitakachobandikwa, hakuna la kukumbuka wala la kuchagua. Kompyuta za Apple, Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya mwaka 1984, ziliueneza utaratibu huo, na baadaye ukawa desturi ya dunia nzima.

Urahisi huo ni wa kweli na usidharauliwe. Mkono wa mtu unabonyeza Ctrl+C na Ctrl+V bila hata kumshirikisha mwenyewe. Mpango wowote mpya unaovuruga mazoea hayo utakataliwa, hata kama una manufaa kiasi gani. Kwa hiyo sharti la kwanza la ubao wa nafasi nyingi ni kwamba asiyeuhitaji asijue kama upo.

Mifumo mitatu

Gypsy iliandaliwa kwa ajili ya wahariri wa vitabu; waandishi wa programu walikuwa na njia zao. Ukiziangalia kwa pamoja, zinagawanyika katika mifumo mitatu.

Wa kwanza ni mzunguko. Emacs, kihariri kilichoanzia MIT mwaka 1976 na ambacho Richard Stallman alikitoa kama GNU Emacs mwaka 1985, huweka kila kilichokatwa au kunakiliwa kwenye mlolongo. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa vipande 60. Ctrl+Y inabandika cha mwisho. Kama sicho ulichotaka, unabonyeza Alt+Y palepale, na kilichobandikwa kinabadilishwa na kilichotangulia. Unaendelea hivyo mpaka ukifikie unachokitaka. Visual Studio ya Microsoft ilichukua wazo linalofanana nalo katika toleo lake la .NET la mwaka 2002, kwa Ctrl+Shift+V.

Uzuri wa mzunguko ni kwamba macho hayatoki kwenye msimbo. Ubaya wake ni kwamba unatembea gizani. Kipande cha pili au cha tatu kutoka mwisho unakipata mara moja. Cha kumi na mbili ni kubahatisha: unabonyeza, unasoma, unabonyeza tena, na ukikipita kwa bahati mbaya unazunguka upya. Watengenezaji wa Emacs wenyewe walikiri upungufu huo kwa vitendo. Tangu toleo la 28 la mwaka 2022, ukibonyeza Alt+Y bila kuwa umebandika kitu kwanza, unapewa orodha unayoweza kutafuta ndani yake, wakati zamani ulikuwa unapata ujumbe wa kosa.

Mfumo wa pili ni visanduku vyenye majina. Huu ni wa vi, kihariri cha Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, cha mwaka 1976, na mrithi wake Vim, ambacho Bram Moolenaar alikitoa kwa umma mwaka 1991. Hapa mtumiaji ana visanduku 26, kuanzia a hadi z, na anaamua mwenyewe nini kiende wapi. Anwani ya seva iende a, namba ya poti iende b, jina la hifadhidata liende c. Akitumia herufi kubwa, kipya kinaongezwa mwishoni mwa kilichomo badala ya kukifuta. Juu ya hivyo kuna visanduku vya namba vinavyojijaza vyenyewe: 0 kinashika kilichonakiliwa mwisho, na 1 hadi 9 vinashika vilivyofutwa karibuni, kila kipya kikivisukuma vingine nafasi moja.

Faida za kisanduku 0 zinaonekana vizuri kwenye mfano mdogo. Una neno sahihi, unataka kulibandika juu ya maneno matatu yenye makosa. Unalinakili, unachagua neno baya la kwanza, unabandika. Linakaa vizuri. Unachagua la pili, unabandika, na linalotokea ni lile neno baya la kwanza! Vim ilipolitoa neno baya iliona limefutwa, ikaliweka mahali pa kawaida pa kubandikia. Wanafunzi wengi wa Vim huishia hapo na kulaani. Aliyezoea hubandika kutoka kisanduku 0, ambacho hakiguswi na vilivyofutwa, na anamaliza maneno yote matatu bila kunakili upya.

Nguvu ya mfumo huu iko kwenye uhakika wake. Ukishajua kilicho kwenye b, unakipata bila kutazama wala kutafuta. Lakini unadai kitu ambacho wengi hawana: kujua mapema kwamba kipande hiki utakihitaji baadaye. Maishani mambo huwa kinyume. Unagundua kwamba ulikihitaji baada ya kukipoteza.

Mfumo wa tatu, ambao ndio ulioshinda sokoni, ni orodha ya kuona. Unabonyeza kitufe, linafunguka dirisha dogo, unaona vipande vyako vya karibuni kimoja chini ya kingine, unachagua. IntelliJ IDEA ya JetBrains inayo. Notepad++ inayo. Sublime Text inayo. Nje ya ulimwengu wa msimbo, Microsoft Office 2000 ilikuja na nafasi 12, na Office XP ikazifikisha 24. Windows 10 iliuweka utaratibu huo kwenye mfumo mzima katika toleo la Oktoba 2018, kwa kitufe cha Windows pamoja na V: vipande 25, kila kimoja kisichozidi megabaiti 4, na vyote vinafutika kompyuta ikizimwa na kuwashwa upya isipokuwa vile ulivyovibana. Apple ilichelewa kuliko wote. MacOS ilipata historia ya kunakili ndani ya Spotlight mwaka 2025.

Orodha haidai kumbukumbu wala mipango. Gharama yake ni kwamba macho yanatoka kwenye kazi kwa sekunde moja au mbili, na kama mistari inafanana, kama msimbo unavyofanana mara nyingi, unasoma mara mbili ndipo uchague. Hapo ndipo sehemu ndogo ya kutafutia ndani ya orodha inapokuwa muhimu kuliko ukubwa wa orodha yenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vipande mia visivyotafutika ni mali ya aina hiyo.

Tatizo la makombo

Kuna jambo ambalo watu wanaojaribu kutengeneza ubao wa nafasi nyingi kwa mara ya kwanza hulikosa. Anayeandika msimbo hufuta na kukata vitu vidogo siku nzima: mabano hapa, nukta mkato pale, neno moja, nafasi tupu. Kila kimoja kikihesabiwa kuwa kipande kamili, orodha inajaa makombo ndani ya dakika chache, na kile kipande cha mistari thelathini ulichokikata kwa makusudi kinasukumwa hadi kinadondoka nje.

Vihariri vya zamani vililiona hili mapema. Emacs inaunganisha ukataji unaofuatana. Ukifuta mistari kumi mmoja baada ya mwingine bila kufanya jambo lingine katikati, yote inaingia kama kipande kimoja. Vim nayo ina kisanduku cha pembeni kwa vilivyofutwa ambavyo havifiki mstari mzima, ili visiingie kwenye foleni ya 1 hadi 9. Ina hata kisanduku cha kutupia moja kwa moja, ambacho kinachoingia humo hakihifadhiwi popote. Programu nyingi za orodha hazina uangalifu wa namna hiyo. Zinachukua kila kitu, kisha zinajisifu kwa wingi wa nafasi.

Namna ya kuzuia marudio nayo ina uzito wake. Ukinakili kitu kile kile mara nne, orodha ikionyesha mistari minne inayofanana imepoteza nafasi tatu. Busara ni kukiweka kimoja na kukipandisha juu.

Ukae wapi: kwenye mfumo au kwenye kihariri?

Baada ya Windows kuweka historia yake, wengi waliuliza kama kihariri bado kinahitaji ya kwake. Swali ni la haki. Historia ya mfumo ina faida moja kubwa: inaona yote, yaliyotoka kwenye kivinjari, kwenye barua pepe na kwenye dirisha la amri. Ya kihariri inaona yake tu, au inaona ya nje kwa taabu. Emacs yenyewe ina mtego wa aina hii kwenye mipangilio yake ya kawaida. Ukinakili kitu kwenye kivinjari, ukaja Emacs ukakata mstari kabla ya kukibandika, kile cha kivinjari kinapotea bila kuingia kwenye mlolongo, mpaka uwashe chaguo maalumu la kukiokoa.

Lakini msimbo si maandishi matupu, na hapo ndipo kihariri kinapoushinda mfumo. Vim inakumbuka kama kipande kilichukuliwa kama herufi, kama mistari mizima, au kama safu ya wima, na inakibandika kwa umbo lile lile. IntelliJ ikibandika msimbo wa Java kutoka faili jingine, inaweza kuongeza kauli za kuingiza maktaba ambazo msimbo huo unazitegemea, kwa sababu ilihifadhi uhusiano huo pamoja na maandishi. Kipande hicho hicho kikipita kwenye orodha ya mfumo na kurudi kama maandishi matupu, taarifa hizo haziwezi kufuata. Unabaki kupanga nafasi za mwanzo wa mistari na kutafuta maktaba kwa mkono.

Upande wa Linux mambo yamekuwa magumu zaidi. Katika mfumo wa zamani wa X11, kilichonakiliwa hakishikwi na mfumo. Kinabaki mikononi mwa programu iliyokinakili, na programu hiyo ikifungwa, kimeondoka nayo isipokuwa kuna msimamizi aliyekidaka. Wayland, iliyokuja kuchukua nafasi ya X11, inazuia programu isiyo mbele ya mtumiaji kusoma ubao. Ni ulinzi mzuri, ila wasimamizi wa historia wamelazimika kutengenezewa njia yao maalumu.

Visual Studio Code ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2015, inaonyesha vizuri gharama ya kuiacha kazi hii kwa wengine. Haikuja na historia ya ndani. Wanaoitaka husakinisha kiendelezi. Lakini njia ambayo viendelezi vimepewa kuufikia ubao ina mambo mawili tu: kusoma maandishi yaliyopo na kuandika mapya. Hakuna taarifa inayosema kwamba ubao umebadilika. Kwa hiyo mtengenezaji wa kiendelezi ana hiari mbili mbovu: kuiteka amri ya kunakili, akakosa yanayotoka nje, au kuchungulia ubao kila baada ya muda mfupi, akatumia nguvu ya kompyuta na kusoma hata yasiyomhusu.

Vita vya kitufe

Kipingamizi kingine kinaonekana kidogo ila kinaua mipango mingi. Kitufe gani kitafungua orodha? Ctrl+Shift+V ndiyo inayokuja akilini kwanza. Kwenye IntelliJ na Visual Studio inafungua historia. Kwenye Visual Studio Code inaonyesha jinsi faili la Markdown litakavyoonekana. Kwenye madirisha mengi ya amri ya Linux ni kubandika kwa kawaida, na kwenye vivinjari ni kubandika bila mapambo ya maandishi. Mtu anayepita kwenye programu hizi zote kwa siku moja hawezi kuujengea mkono wake mazoea, na bila mazoea ya mkono huduma hii inabaki pambo la menyu.

Kusahau kwa wakati

Kigezo cha pili ndicho kizito zaidi. Ubao wa mwandishi wa programu si ubao wa mtu anayenakili salamu za sikukuu. Hupitiwa na nywila za hifadhidata, funguo za kuingilia huduma za watu wengine, na pengine rekodi za wateja. Nafasi moja ilikuwa na ulinzi wa bahati: ukinakili kitu kingine, siri imefutika. Historia inauondoa ulinzi huo.

Mfano ni KeePassXC, programu ya kutunza nywila. Kwa kawaida yake husafisha ubao sekunde 10 baada ya kunakili nywila. Kama kuna historia iliyokwisha kuidaka, usafishaji huo hauna maana. Ndiyo maana zimebuniwa alama ambazo programu inaweza kuzibandika kwenye siri ili msimamizi wa historia aiache. Windows ina zake, na mazingira ya KDE ya Linux yana yake inayotambuliwa na Klipper, msimamizi wake wa historia. Lakini alama ni makubaliano tu. Kiendelezi kinachochungulia maandishi matupu hakizioni, na ufunguo ulionakiliwa kutoka faili la kawaida hauna alama yoyote.

Simu zimetangulia katika hili. Android 10 ya mwaka 2019 ilizuia programu zilizo nyuma ya pazia kusoma ubao. Mwaka 2020, iOS 14 ilianza kumwonyesha mtumiaji kila programu inaposoma alichonakili kwingine, na programu kadhaa zenye majina makubwa zikafumaniwa zikichungulia mfululizo. Kibodi ya Google ambayo wengi wetu tunayo kwenye simu huweka historia, ila kipande kisichobanwa hutoweka baada ya saa moja. Hilo ndilo somo kwa vihariri: kila kipande kiwe na umri, na kudumu kuwe kitu cha kuombwa.

Hatari inazidi pale kompyuta inapotumiwa na wengi. Kwenye maabara ya chuo ambako wanafunzi wanapokezana kiti kimoja na akaunti moja, historia inayoandikwa kwenye diski ni kumwachia anayekuja funguo za nyumba yako. Historia ya kihariri ikae kwenye kumbukumbu ya muda, ife kihariri kinapofungwa, na asiyetaka hivyo aiwashe mwenyewe.

Hoja za wapinzani

Wapo wanaosema kwamba anayehitaji nafasi nyingi anafanya kazi vibaya: anarudufu msimbo badala ya kuuandika mara moja na kuuita. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Sehemu kubwa ya kupanga upya msimbo ni kuhamisha, si kurudufu, na anayegawa faili moja refu kuwa mafaili manne anakata vipande vingi kwa wakati mmoja ili avipange mahali papya.

Wengine wanasema kazi hiyo imeshapungua kwa sababu tuna madirisha ya kugawa skrini, vishale vingi vya kuandikia kwa pamoja, na kumbukumbu ya matoleo kwenye Git. Hilo lina ukweli nusu. Vitu hivyo vinapunguza safari, lakini hakuna hata kimoja kinachokurudishia mstari ulioukata dakika tano zilizopita bila kuvuruga uliyoyaandika tangu hapo. Kutengua nyuma kunarudisha vyote pamoja, na Git haiyajui ambayo hukuyahifadhi.

Hukumu

Kihariri cha msimbo kinapaswa kuwa na ubao wa nafasi nyingi wa kwake, wa ndani, bila kutegemea kiendelezi. Ctrl+C na Ctrl+V zibaki kama zilivyo. Orodha iwe fupi, inayotafutika, inayoonyesha kila kipande kilitoka faili gani, na isiyomeza makombo. Umbo la msimbo lihifadhiwe pamoja na maandishi. Vipande viwe na umri, alama za siri ziheshimiwe, na chochote kisiandikwe kwenye diski wala kutumwa mtandaoni bila mwenyewe kuamua. Visanduku vyenye majina vibaki kwa mabingwa wanaovitaka. Wingi wa nafasi ndiyo sifa ya mwisho kuangaliwa: nafasi kumi zinazochomoleka kwa kitufe kimoja zinazishinda mia zilizofukiwa kwenye menyu.

Wewe unayeandika msimbo, anza na kilichopo. Fungua mipangilio ya kihariri chako uone kama historia imo tayari, ipe kitufe ambacho vidole vyako vinakifikia, na jifunze kuchomoa kipande cha pili na cha tatu mpaka mkono uzoee. Na kama lazima usakinishe kiendelezi, soma kwanza kinahifadhi vipande wapi na kwa muda gani. Usipopata jibu la wazi, kiache.